Chupa Iliyorudi na Mafuta

Tuliporudi Lamu kutoka kisiwa cha Manda Toto, jioni ya katikati ya Machi, chupa ya mafuta ya jua ya mililita 100 ilikuwa bado imezidi nusu. Dada akanishukuru kwa kuyatumia kwa uangalifu. Kisha nikamvua mwanawe kofia. Masikio yalikuwa mekundu, yamevimba, na ukingoni mwa sikio la kushoto malengelenge matatu kama punje za mtama.

Mpwa wangu ana ualbino. Alikuwa na miaka 15. Siku hizo za Machi jua la Lamu hupita utosini hasa, na mashuani haliji kutoka juu tu. Maji hulirudisha, na mchanga mweupe nao hulirudisha. Turubai tuliyotandaza haikuzuia mwanga wa chini.

Mafuta yalikuwa SPF 50, yaani kipimo cha kinga dhidi ya jua; hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa mkononi mwangu. Namba ile hupimwa kwa miligramu 2 za mafuta katika kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Ukipaka utando mwembamba, kinga hushuka sana. Uso, masikio na shingo vyataka kijiko kizima cha chai. Kwa kuwa alivaa kaptula, kila mguu ulitaka viwili. Mimi nilimminyia kidogo kiganjani, nikasugua hadi weupe ukapotea, nikaona yatosha. Tena akachupa majini papo hapo, ilhali ngozi ilitaka dakika 15 hadi 20 mafuta yashike. Alipotoka akajifuta, na taulo likaondoka na yaliyosalia. Hapo ndipo pa kupaka upya, na hata asipoogelea, kila baada ya saa mbili.

Masikio sikuyagusa kabisa. Kofia ya viua, ile iliyodariziwa aliyovaa, haina ukingo.

“Mjomba, yaniwaka,” aliniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba aniomba radhi. Maneno yale yaliniingia.

Usiku tulimkanda kwa vitambaa vya maji baridi, dakika kumi kumi. Malengelenge hatukuyatumbua. Bibi alileta mafuta ya nazi; nikamsihi angoje, kwani ngozi iliyoungua hufungiwa joto na mafuta mazito.

Wiki iliyofuata nilimnunulia chepeo pana ya ukili, nikafunga kijiko cha chai kwa uzi shingoni mwa chupa mpya. Tulipokwenda tena, chupa ilikwisha kabla ya magharibi.