Nilivyovuka Mikumi bila kudaiwa twiga

Shemeji yangu amekwenda Mbeya mara nyingi, basi akajifanya profesa wa barabara ile. "Shem, yale mabango ya barabarani ndani ya Hifadhi ya Mikumi ni ya kutishia watalii. We angalia wanaokuja mbele. Wakikuwashia taa, kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo, punguza. Wasipowasha, kanyaga." Nikamwamini.

Tochi hata sikuiona. Kilichoniponza ni ndizi. Tumeshaipita Doma, kijiji cha kabla ya hifadhi, nyani wamekaa pembeni kama abiria wanaosubiri daladala, mmoja kabeba mtoto mgongoni. Nikashusha kioo, nikawarushia ndizi mbili, najiona mtu mwema. Maganda ya zile nilizokula mwenyewe yakafuata njia hiyohiyo. Mbele kidogo askari wa hifadhi akanisimamisha, mpole kabisa: "Mzee, hao nyani ni wa kwako?" Kulisha wanyama kosa, kutupa taka kosa. Nililipa kama hela ya mafuta ya kunifikisha Iringa.

Ndipo nikasoma bango kwa mara ya kwanza. Mwendo 70 mchana, 50 usiku, halafu bei za wanyama kama menyu ya hoteli: ukigonga swala, dola 390. Twiga, dola 15,000! IST yangu ukiiuza pamoja na jeki na tairi la spea haifiki nusu. Na nani atakuwashia taa kwamba twiga anavuka?

Safari iliyofuata nikaja na ujanja wangu. Kwenda 70 kwenye lami iliyonyooka, basi linakusukuma nyuma, ni mateso, mguu unakusaliti. Kwa hiyo nilipaki Doma nikatafuna mahindi hadi ikapita semi iliyopakia mzigo, inatambaa kama bibi harusi. Nikajiunga nyuma yake, nafasi ya kutosha katikati. Mabasi yakanipita kwa honi na matusi. Sikujali: dereva wa semi amekaa juu, anaona kabla yangu. Katikati ya hifadhi akawasha hazadi, akasimama. Tembo wanne, mtoto katikati, wanavuka bila haraka yoyote. Peke yangu ningewakuta puani.

Kilomita 50 zilinila karibu saa nzima. Mikumi mjini nikamfuata yule dereva na soda baridi, nimshukuru. Akacheka sana.

"Kaka, nakuona kwenye kioo tangu Doma. Nikajua unanivizia uninyonye dizeli."