Kidole kisichokuwepo

Wiki hii hedifoni zangu zina pepo. Nakimbia zangu asubuhi, mara sauti inashuka yenyewe, inashuka tena, halafu wimbo unakata kabisa. Sijagusa kitu. Niliilaumu simu, nikaizima na kuiwasha. Nikafuta hata programu ya muziki, maskini, haikuwa na kosa.

Leo jioni nimeiunganisha simu na laptopu kwa waya wa USB, nikaendesha getevent, amri inayoonyesha kila tukio la vitufe, swichi au mguso ambalo kerneli, kiini cha mfumo wa simu, inapokea. Nikachomeka pini, ukatokea mstari: SW_HEADPHONE_INSERT, yaani hedifoni zimechomekwa. Ndani ya tundu kuna swichi ndogo inayosukumwa na pini. Swichi ikibadilika, draiva, programu ndogo inayosimamia tundu hilo, inaamshwa, lakini haiamini papo hapo. Inasubiri kidogo, maana chuma kikigusana hurukaruka kwanza. Kisha inapeleka umeme mdogo kwenye njia ya maikrofoni. Ikikuta njia hiyo imeungana na ya ardhi, ile ya kurudishia umeme, inajua ni hedifoni tupu, zisizo na maikrofoni. Zangu zinayo.

Kilichoniacha hoi ni vitufe. Miaka yote nilidhani kila kitufe kina waya wake. Kumbe vyote vinatumia waya uleule wa maikrofoni, na kila kimoja kina ukinzani wake, yaani kiasi chake cha kuzuia umeme, unaopimwa kwa om. Kwa kipimo cha Android, cha kusimamisha wimbo ni om 0, cha kuongeza sauti 240, cha kupunguza 470. Draiva haioni kidole. Inapima ukinzani, inatazama namba imeangukia wapi, inakata shauri. Chochote kati ya 360 na 680, kwake yeye, ni mtu anapunguza sauti.

Basi nikafungua kile kidude cha vitufe kwa wembe. Ndani kulikuwa na unyevu, na chumvi nyeupe imeganda pembeni. Jasho langu mwenyewe! Limejenga daraja kati ya waya wa maikrofoni na ardhi, likikauka na kulowa namba inapanda na kushuka, na draiva inatii tu.

Nimekisafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, nikakilaza mbele ya feni. Getevent bado iko wazi wakati naandika haya. Kimya. Kimya. Halafu, hata sasa hivi, mstari mmoja umechomoza: KEY_VOLUMEDOWN, kitufe cha kupunguza sauti. Bado hakijakauka.