Betri ya Kubebeka: Mahitaji ya Nyumbani na ya Saluni

Umeme ulipokatika usiku mara tatu katika wiki moja, niliamua kununua betri kubwa ya kubebeka, ile yenye soketi za kawaida ubavuni, na nikajifunza kwamba namba mbili zilizoandikwa kwenye boksi hazisemi jambo moja. Wati huonyesha ukubwa wa mzigo, yaani jumla ya nguvu ya vifaa, ambao betri inaweza kuubeba kwa wakati mmoja, ilhali wati-saa huonyesha kiasi cha umeme kilichohifadhiwa.

Kwetu nyumbani, taa mbili za wati 9 na ruta ya wati 10 hutumia jumla ya wati 28, na betri ya wati-saa 500, hata baada ya umeme kiasi kupotea unapogeuzwa kuwa wa soketi za kawaida, hutupitisha usiku kwa zaidi ya saa 10. Hiyo inatutosha kabisa.

Saluni ya dada yangu ni habari nyingine. Mashine ya kunyolea haili umeme mwingi, lakini draya ya wati 1,500 haiwezi kubebwa na betri yetu, ambayo mwisho wake ni mzigo wa wati 500. Hata friji yetu, ambayo ikishatulia hutumia wati 100 hivi, iliishinda: nilisikia kompresa ikigutuka, kisha betri ikalia na kujizima, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo dada nilimshauri achukue ya wati 2,000 yenye seli za lithiamu na fosfati ya chuma, ambazo huchajiwa maelfu ya mara kabla ya kuchoka, ingawa ni nzito kubeba.