Buster Keaton na lenzi ya vifuniko tisa

Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu zisizo na sauti, alizaliwa Kansas, Marekani, mwaka 1895, akakulia jukwaani akirushwarushwa na baba yake katika maonyesho ya familia. Mwaka 1917 aliingia kwenye filamu chini ya mchekeshaji Roscoe Arbuckle, na miaka michache baadaye alikuwa akiongoza vichekesho vyake mwenyewe.

Itazameni polepole filamu ya The Playhouse ya 1921, ambamo Keaton tisa, wote yeye mwenyewe, wanacheza pamoja kwenye jukwaa moja. Mbele ya lenzi kulifungwa kisanduku chenye vifuniko tisa vyembamba, kila kimoja kikiziba kipande chake cha picha. Kilifunguliwa kimoja, Keaton akacheza sehemu yake, utepe wa filamu ukarudishwa mwanzo, kikafunguliwa cha pili, hivyo hivyo hadi cha tisa. Kamera ilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo mpiga picha Elgin Lessley alipaswa kushika kasi ileile kila mara. Akichelewa kidogo tu, Keaton mmoja anaachana na wenzake. Na kosa la zamu ya nane linaharibu saba zilizotangulia, maana utepe ni uleule. Ustadi huo unanishangaza hadi leo.

Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia Keaton, naye anapona kwa kusimama penye uwazi wa dirisha. Ukuta ulijengwa mzito makusudi ili upepo usiupinde ukienda chini.

Mwaka huohuo alihamia studio ya filamu ya MGM, akapoteza uhuru wa kubuni mambo papo hapo. Baadaye studio hiyohiyo ilimlipa kubuni vichekesho vya waigizaji wengine.