Ngazi ya babu ilivyohamia sebuleni kwangu

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi rangi, na ngazi yake ya mbao ilikaa miaka mingi imeegemezwa nyuma ya banda la kuku katika uwanja wa nyumba yetu Magomeni. Mama alipoamua kusafisha uwanja huo, alinipigia simu kuniuliza kama ninaitaka au awape majirani wachanje kuni. Nilimwomba anisubiri hadi Jumamosi, nikakodi guta, nikaipeleka moja kwa moja Keko kwa seremala anayenitengenezea samani.

Ilikuwa na urefu wa mita 3.2 na vipandio 10. Kiasi cha sentimita 50 za chini zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa kuwa miguu ilikuwa ikigusa udongo masika yote, na kipandio cha tatu kilikuwa kimevunjika. Fundi aliiparura kidogo kwa patasi, akaniambia kwamba miimo yake ni ya mninga. Kiini cha mninga hustahimili wadudu vizuri, na mbao yake haisinyai wala kupinda sana hali ya hewa inapobadilika, jambo kubwa katika mji wenye unyevu kama wetu. Iliyoliwa zaidi ni ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, ambayo haina ulinzi huo.

Fundi alishauri kuiranda yote. "Dada, nikipitisha randa na kupiga vanishi, mgeni atadhani umeinunua jana." Nilimweleza kwamba hilo ndilo nisilolitaka, kwa sababu miimo ilikuwa imejaa matone ya rangi za nyumba alizopaka babu, na vipandio vilikuwa vimelika katikati pale alipokuwa akikanyaga. Mbao mpya zinauzwa kila mahali. Alama zile zikiondoka haziwezi kutengenezwa tena. Tukakubaliana kwamba yeye atashughulikia viungo na miguu, nami nitashughulikia sura.

Alikata sehemu iliyooza, na katika kipande hicho akaokoa kipandio cha chini kabisa, ambacho kilikuwa kizima. Kwa kuwa ngazi ile hupungua upana kadiri inavyopanda, kipandio hicho kilikuwa kirefu kidogo kuliko kile kilichovunjika, hivyo alikipunguza, akachonga ulimi upya kila upande, akapanua miimo taratibu na kukichomeka katika tundu zake kwa gundi ya mbao. Badala ya kupiga misumari, alikaza kiungo kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli hadi kesho yake. Kwangu uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, kwani msumari hupasua mbao kavu ya zamani, na kwa hewa yetu ya bahari haukawii kushika kutu na kuacha doa jeusi.

Kazi yangu ilichukua muda mrefu zaidi. Rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto, kwa hiyo sikupiga msasa mkavu hata mara moja. Nilivaa barakoa na glavu, nikalowanisha mbao, nikakwangua rangi iliyokuwa ikibanduka tu, nikakusanya mabaki yote kwenye mfuko. Matone yaliyoshika imara niliyaacha na kuyafunika kwa vanishi isiyo na rangi ili yasichubuke. Kulikuwa pia na vitundu vya fukusi. Niliilaza ngazi juu ya karatasi nyeusi kwa wiki moja ili nione kama unga mpya utadondoka, na ulipodondoka sehemu mbili, niliingiza dawa ya wadudu wa mbao kwa sirinji, nikaifunga kwa nailoni siku kadhaa. Nawasihi wote wanaookota mbao za zamani wasiruke hatua hii, kwa maana fukusi hao wanaweza kuhamia kwenye kabati na fremu za milango. Sehemu zisizo na rangi nilizipaka mafuta ya kitani mara mbili, na matambara niliyotumia niliyaanika yakiwa yametandazwa, kwa sababu yakikunjwa pamoja yanaweza kuwaka moto yenyewe.

Sasa imebaki na mita 2.7 na vipandio 9, nayo inaenea chini ya dari yangu ya mita 2.8. Chini nimegandisha vipande vya mpira ili isiteleze kwenye vigae, na juu imefungwa ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Haipandwi tena, na watoto nimewaambia hivyo waziwazi. Inabeba khanga za bibi, ambazo zamani zilikuwa zikipata ukungu sandukuni. Hapo zinapata hewa, na maandishi yake yanasomeka.

Mama alipokuja kuiona, aliigusa kimya, kisha akaweka kidole kwenye tone moja la kijani. "Hii ni milango ya msikiti wa mtaani kwetu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chai." Khanga iliyokuwa karibu na tone hilo aliihamishia kipandio cha chini.