Njia Iko Wapi?

Tafakari ya juma hili
Masomo: 1 Samweli 16:1–13, Mithali 22:6

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nimefundisha Hisabati katika shule za msingi kwa miaka 31. Kuna maneno matatu niliyoyaandika kwa wino mwekundu mara nyingi pengine kuliko jina langu: "Njia iko wapi?" Mliosoma shule zetu mnayajua. Jibu peke yake halitoshi. Mwanafunzi aonyeshe njia, hatua kwa hatua, kama alivyofundishwa ubaoni. Asiyeonyesha njia tunamhesabu kuwa ameangalizia.

Mwezi uliopita, tulipokuwa tunahamisha vitu vya stoo, binti yangu alitoa daftari chini ya sanduku la zamani akanipa bila kusema neno. Lilikuwa la mpwa wangu, la mwaka 2011, alipokuwa darasa la saba. Binti alikuwa amelificha miaka yote hiyo, kwa sababu mengine niliyachoma mimi.

Mpwa wangu huyu alifiwa na baba yake akiwa darasa la tatu. Dada yangu akamleta kwangu Morogoro na begi moja, akaniambia, "Kaka, wewe ni mwalimu. Mnyooshe." Nikamwanzisha shule niliyokuwa nafundisha. Mtoto hakuwa mtukutu. Alikuwa kimya, na alikuwa anachora. Alichora kwa bik kwenye majalada ya madaftari, kwa mkaa ukutani nyuma ya jiko, kwa kijiti uwanjani mvua ikinyesha na kuacha udongo laini. Kabla ya msiba, dada aliniambia baadaye, hakuwa anachora hivyo. Hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kumuuliza kilichobadilika. Mimi nilijua kitu kimoja tu, kwamba mtihani wa taifa hauna somo la kuchora.

Na ni kweli haukuwa nalo. Stadi za Kazi, somo la kazi za mikono na sanaa, ilikuwa kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani ofisini, lakini haikutahiniwa darasa la saba, kwa hiyo vipindi vyake tulivichukua sisi wa Hisabati kufidia. Nilikuwa na watoto zaidi ya tisini katika chumba kimoja. Simtafutii mtu lawama hapa. Nasema tu kwamba ndani ya chumba kama kile mtoto anayejibu kwa namna yake anaonekana kama mtoto anayekuchelewesha.

Sasa nifungue daftari. Swali lilikuwa hili: Mkulima ana shamba la mstatili lenye urefu wa meta 60 na upana wa meta 35. Amepanda miti kulizunguka, kila baada ya meta 5. Je, amepanda miti mingapi? Nilikwishawafundisha njia: tafuta mzingo, ambao ni meta 190, gawanya kwa 5. Jibu ni 38. Nakumbuka wengi walikosa. Walihesabu miti ya kila upande peke yake, wakajumlisha, wakapata 42, kwa sababu mti wa kwenye kona waliuhesabu mara mbili.

Mpwa wangu hakuandika mzingo wala kugawanya. Alichora shamba. Akachora miti, mmoja baada ya mwingine, na hakuna unaofanana na mwenzake: mwembe, mpapai, mnazi ulioinama, mti uliokatwa tawi. Kwenye kona moja akamweka mkulima amekaa chini ya kivuli, kofia imefunika macho. Chini yake ameandika 38.

Jibu lake lilikuwa sahihi. Kona hazikumdanganya, kwa kuwa mtu anayechora mti kwenye kona hauchori mara mbili. Njia ilikuwa imejaa ukurasa mzima, na mwalimu wake, mjomba wake, mtu aliyekuwa akiongoza sala nyumbani kila jioni, akaandika juu ya mkulima yule kwa wino mwekundu: "Njia iko wapi? 0."

Wapendwa, nimekaa na ukurasa huo wiki kadhaa.

Mtihani wa majaribio ulipotoka akawa miongoni mwa wa mwisho. Siku hiyo nilikusanya madaftari yake yote yenye michoro nikayatia moto kwenye shimo la taka, yeye akiwa amesimama hapo. Hakulia. Ningefurahi kama angelia. Majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza yalipobandikwa, lake halikuwemo. Ndugu tukakaa kikao. Nikasema mbele ya wote kwamba huyu mtoto hana kichwa, tusipoteze fedha. Alikuwa anaosha vyombo nje ya dirisha. Wakaamua apelekwe kwa baba yake mdogo kijijini, akachunge mbuzi.

Hapo ndipo Neno la Mungu linaponikamata. Samweli anafika Bethlehemu kumpaka mafuta mfalme. Yese anawapitisha wanawe saba mbele yake, Eliabu akitangulia kwa kimo chake, na kila mmoja anakataliwa. Nabii anauliza, "Watoto wako wote wapo hapa?" Yese anajibu, "Amesalia mdogo wao, na tazama, anawachunga kondoo." Sikilizeni jibu hilo vizuri. Baba hamtaji mwanawe kwa jina. Ukifuata sura hiyo mstari kwa mstari, jina la Daudi halitokei mpaka mstari wa 13, mafuta yakiwa yamekwisha kumiminwa. Nyumbani kwake alikuwa "mdogo wao". Kwangu alikuwa "huyu mtoto".

Endeleeni kidogo mbele, mstari wa 18. Sauli anasumbuliwa na roho mbaya, anatafutwa mpiga kinubi, na kijana mmoja mtumishi wa mfalme anasema nimemwona mwana wa Yese, stadi wa kupiga. Kumbe habari za kipaji cha mtoto zilikuwa zimefika ikulu! Watu wa mbali walizijua. Mezani kwa baba yake, mgeni mkubwa alipouliza, hazikutajwa. Na katika sura ya 17, Daudi anapopeleka chakula kwa kaka zake vitani, Eliabu anamwakia mbele za watu: wale kondoo wachache umemwachia nani? Mimi nakijua kiburi chako. Najua sauti hiyo. Ni sauti ya mkubwa wa familia ambaye amekwisha kuamua mtoto ni nani, na hana nafasi ya habari nyingine.

Msidhani ni mambo ya Agano la Kale tu. Mchoraji mashuhuri Vincent van Gogh alizaliwa mwaka 1853 huko Uholanzi, baba yake akiwa mchungaji. Aliacha shule ya Tilburg Machi 1868, kazi hazikumkaa, masomo ya kujiandaa na theolojia yakamshinda. Mwaka 1879 akapelekwa kuwahubiria wachimba makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji. Akagawa nguo zake, akahama nyumba nzuri aliyopangishiwa, akalala kwenye kibanda juu ya majani makavu ili awe kama wale aliotumwa kwao. Kamati ya kanisa haikumwongezea muda, na sababu mojawapo ni kwamba hakujua kuhubiri vizuri. Baba yake akafikiria kumpeleka kwenye mji wanakotunzwa wagonjwa wa akili. Mdogo wake Theo ndiye aliyeendelea kumtumia fedha miaka yote. Kiangazi cha 1880 Vincent alimwandikia Theo kwamba mtu anaweza kuwa na moto mkubwa ndani ya nafsi yake, na hakuna anayekuja kuuota. Wapita njia wanaona moshi kidogo tu juu ya bomba la jiko, wanaendelea na safari. Alikufa mwaka 1890, ana miaka 37. Ninamtaja kwa sababu alitoka nyumba ya mchungaji, na kamati iliyomwacha ilikuwa ya watu wa sala kama sisi.

Maana sisi nasi tuna usemi wetu. Kijana akichora, tunasema anapoteza muda; akiimba nje ya kwaya, ni mhuni. Tunamkumbuka wiki ya mkutano wa injili tukihitaji bango, na tunataka aliandike bure. Lakini katika Kutoka 31, mtu wa kwanza kutajwa kwa jina kwamba Mungu amemjaza roho yake ni Bezaleli, na alijazwa ili abuni kazi za ustadi: dhahabu, fedha, shaba, vito, miti ya kuchongwa. Roho wa Bwana alishuka kwenye mikono ya fundi. Mimi nilisoma sura hiyo kanisani zaidi ya mara moja, nikaiona kama orodha ya vifaa vya hema.

Ndipo Mithali 22:6. Mstari huu nilikuwa naunukuu kila ninaposhika fimbo. "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee." Neno limekaa pale kwa Kiswahili chepesi kabisa: impasayo. Yeye, mtoto. Haikuandikwa njia inayotupasa sisi tunaomlea, au njia iliyompasa kaka yake. Mlezi inampasa kwanza aitafute, na kuitafuta kunataka kumtazama mtoto kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumtazama yule. Mungu aliniuliza swali langu mwenyewe, kwa wino wangu mwenyewe.

Huko kijijini hakukaa. Akiwa na miaka 16 aliondoka. Alikaa na fundi wa kuandika vibao ambaye hakuwa ndugu yetu kwa lolote, akamfundisha kupiga mistari, kuchanganya rangi, kukadiria herufi kwa jicho. Leo yuko Ifakara, anaandika vibao vya maduka na saluni, na michoro ya nyuma ya bajaji. Wanaomjua wanasema ana mkono mzuri. Hajaja nyumbani miaka tisa. Zaburi ya 27 inasema, "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali BWANA atanikaribisha kwake." Namshukuru Bwana aliyemkaribisha kwa mikono ya fundi yule, na sijifichi nyuma ya shukrani hiyo.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umefungua mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, sekondari, na sanaa na michezo vimepewa nafasi kwa watoto wadogo. Ni jambo jema, tuliombee. Mtaala lakini hauwezi kukaa kikao cha familia kwa niaba yangu.

Jumanne nilimpigia simu. Alipokea akasema, "Shikamoo, mjomba," kama vile tuliachana juzi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikamwambia nimeliona daftari, na kwamba swali la miti alilipata. Akanyamaza. Nikamwambia naomba msamaha kwa sifuri ile, na kwa moto, na kwa yale aliyoyasikia dirishani. Akanyamaza tena, kisha akauliza, "Yule mzee mwenye kofia bado yupo?" Nikamwambia yupo. Akasema atafikiria habari ya kuja Krismasi.

Samweli alimwambia Yese, "Tuma watu, wamlete, kwa maana hatutaketi hata atakapokuja huku." Wazee wa mji, wana saba, wageni wa sadaka, wote wakabaki wamesimama, wakimngoja mtoto mmoja atoke malishoni. Nimewapigia ndugu zangu wote, na dada yangu pia, nikawaambia kwamba tarehe 25 chakula hakitapakuliwa mpaka afike. Basi la Ifakara huchelewa sana siku za sikukuu, hasa mvua zikiwa zimeanza. Tutasimama.