Siku babu alipokataa zarniki isitiwe motoni

Babu alikuwa na duka la dawa za kiarabu pale Langoni, Lamu, ubani, habasoda, shabu, kiberiti upele, vyote kwenye makopo ya maziwa ya unga, na shule zikifungwa mimi ndo nilikuwa napima. Siku hiyo akaja mama mmoja jirani anataka kiberiti upele akafukize chumba, kunguni wamemshinda, na babu bado hajarudi kutoka kuswali adhuhuri. Akaona jiwe la manjano ndani ya chupa rafu ya juu, akasema nipe lile, lile linang'aa. Nikamwambia haliuzwi, akashikilia, tukavutana pale mpaka babu akaingia.

"La, mwanangu, ile zarniki! Ukiitia motoni utatuulia watoto."

Akaiteremsha, akaweka na donge la kiberiti kando, akamwambia mama ashike zote mbili. Kwakweli ukizishika hukosei, zarniki nzito, kwa ukubwa uleule inapita kiberiti zaidi ya mara moja na nusu, alafu laini, ukucha unaichora, na inabanduka matabaka matabaka. Kiberiti chepesi, kinameguka tu.

Mimi ya ndani nilikuja kuyasoma baadaye: kwa alama za kemia ni As2S3, yaani aseniki, ile sumu, imeshikana na salfa, ndo kiberiti upele chenyewe, na ikiwa jiwe hivyo maji hayaiyeyushi ila kidogo sana. Hatari kubwa ni moto. Ukiichoma aseniki inapanda moshi mweupe wenye harufu ya kitunguu saumu, ukitua ni unga wa sumu kali, na ule maji yanauyeyusha, kwahiyo ungeingia kwenye vyombo, kwenye mtungi, kila mahali.

Mama akauliza, sasa wewe waiweka ya nini? Babu akasema ni ya babake, aliyekuwa akinakili misahafu, anaisaga na maji vumbi lisiruke (kazi ngumu, manake inateleza tu chini ya jiwe), anatia gundi ya mgunga, anapamba kingo. Lakini haichanganyi na kijani cha shaba, rangi inaharibika inakuwa nyeusi. Waarabu na Waajemi wao waliichanganya na chokaa kutoa nywele mwilini, wanawake walikuwa wanakuja kumuuliza babu hiyo, yeye hakuuza hata siku moja, chokaa peke yake inaunguza ngozi sembuse na zarniki, na nadhani alifanya sawa kabisa.

Basi nikampimia mama kiberiti chake, babu akamwambia atoe watoto na vyakula kwanza kabla hajawasha, alafu akanipa kalamu niandike SUMU kwenye ile chupa, kiswahili na kiarabu.